UZI: Ile "asilimia 10" mnayorushiana ilitoka wapi?

1/ Kila mjadala wa sheria za mapenzi ya jinsia moja ukiwaka hapa, nambari zinaanza kuruka. Huyu anasema "ni asilimia 10." Yule anajibu "kwetu hawapo kabisa." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na mwaka jana niliitaja hiyo 10 darasani kifua mbele. Mhadhiri akaniuliza swali moja tu: "Walipima nini?" Nikanyamaza. Uzi huu ndio jibu langu, limechelewa tu.

2/ Turudi Marekani, 1948. Alfred Kinsey, aliyekuwa mtafiti wa nyigu kabla ya kugeukia binadamu, anachapisha kipimo cha 0 hadi 6. Hakuuliza "wewe ni nani?" Aliuliza umefanya nini na unavutiwa na nani. Ile 10 ni wanaume wazungu ambao, kwa angalau miaka 3 kati ya umri wa 16 na 55, mahusiano yao yalikuwa karibu yote na wanaume. Maisha yao yote? 4 tu. Na watu wake hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, wafungwa walikuwemo. Wanatakwimu walimkosoa vikali kwa hilo.

3/ Enzi hizo mapenzi haya yalihesabiwa ugonjwa wa akili, kwa hivyo watafiti wengi waliwatafuta watu kliniki na jela. Ukipima wagonjwa, utapata wagonjwa, si ndio? 1957, Evelyn Hooker akachukua wanaume 30 wapenzi wa jinsia moja na 30 wasio hivyo, wote wa maisha ya kawaida. Wataalamu walipopewa majibu yao bila majina, walishindwa kuwatofautisha. 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa.

4/ Hapo swali likageuka: mtu anajitambuaje? Fritz Klein (1978) alipima mambo 7, kila moja kwa jana, leo na vile ungependa iwe. Alijali sana wanaovutiwa na jinsia zote mbili, maana wengi waliwaona kama watu ambao hawajaamua.

5/ Sasa shika hii. Ripoti ya 1994, watu wazima 3,432 Marekani, maswali matatu tofauti: unavutiwa na nani, umefanya nini, unajiitaje. Waliojiita wapenzi wa jinsia moja au wa jinsia zote mbili: wanaume 2.8%, wanawake 1.4%. Waliosema ndiyo kwa lolote kati ya hayo matatu: takriban 10% na 9%. Utafiti ni uleule, nambari ni tofauti, na hakuna aliyedanganya.

6/ Na njia ya kuuliza? Utafiti wa vijana wa kiume Marekani (1998): walipojaza karatasi, 1.5% walikiri kushiriki ngono na wanaume. Walipojibu kompyuta kupitia vipokea sauti, 5.5%.

7/ Ndiyo maana Mohr na Kendra (2011) hawakuhesabu vichwa. Kauli zao 27 zinapima hofu ya kutokubalika, hamu ya kujificha, mashaka, na pia kujivunia ulivyo.

8/ Kenya je? Kifungu cha 162 kinaweza kukufunga miaka 14, na 2019 Mahakama Kuu ilikiacha palepale. Nimewahi kuzunguka mtaani na hojaji, kibarua cha likizo, maswali ya mapato tu. Mzee mmoja alinijibu huku akichungulia mlangoni. Hiyo ilikuwa pesa jamani. Sasa mwulize kijana kuhusu hili, mamake ameketi hapo kando.

9/ Kwa hivyo "hawapo" haina ushahidi, na "asilimia 10" ya Kinsey haikuhusu Kenya. Na hata tungekuwa na nambari safi, haingetuambia sheria iwe vipi. Hiyo ni hoja ya haki, na lazima uitetee yenyewe.

10/ Mtu akikurushia asilimia, muulize matatu: walipima nini, walimuuliza nani, na nani alikuwa anasikiliza?