Mtoro wa Shilingi 32: Kumsaka Robin Hood wa Kweli (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mwaka 1852 Joseph Hunter, mtunza nyaraka za serikali jijini London, alitangaza kwamba amempata. Katika vitabu vya mahesabu vya Mfalme Edward wa Pili alikuta bawabu aitwaye Robyn Hode, akilipwa peni 3 kwa siku mwaka 1324. Utenzi wa kale, wenye beti 456, unasema mfalme aitwaye Edward alimfuata Robin msituni, akamsamehe, akamchukua kasrini. Na Edward wa Pili alikuwa Nottingham Novemba 1323. Mambo yote yakawa yamejipanga. Kikabaki kipande kimoja cha ngozi, kimechakaa hata maandishi yake hayasomeki...

SASA ENDELEA...

Hunter alifariki bila kujua kilichoandikwa pale. Karne iliyofuata ngozi ile ikawekwa chini ya mwanga wa urujuanimno, ule ule unaomulika noti benki kujua kama ni bandia. Wino uliokuwa umefifia ukajitokeza mstari kwa mstari. Yalikuwa malipo ya watumishi wa chumba cha mfalme, kuanzia Aprili hadi Julai 1323. Na mwishoni mwa Juni, katikati ya majina ya wenzake, yuko Robyn Hode. Kalipwa.

Piga hesabu, msomaji. Mfalme kafika Nottingham mwezi wa kumi na moja. Huyu bwana alikuwa anapokea mshahara mwezi wa sita. Sasa alisamehewa msituni lini?

Tena kuna alivyoondoka. Robin wa kwenye utenzi alichoka maisha ya kasrini, akarudi porini, akaishi huko miaka 22 akiwapiga mishale paa wa mfalme. Bawabu wa kwenye vitabu aliachishwa kazi Novemba 1324, akapewa shilingi 5 za kwaheri kwa sababu hakuwa na nguvu tena za kufanya kazi. Mtu wa namna hiyo anakwenda porini kufanya nini?

Mwanahistoria James Holt, aliyelieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1982, hakuhitaji maneno mengi kumaliza kesi ya Hunter. Mimi namwonea huruma Hunter. Alikuwa mchapakazi, na majina hayo kweli yamo vitabuni. Kosa lake ni kuamini kwamba ukishalipata jina umeshampata na mwenyewe.

Basi bawabu tumuache aende zake. Tunarudi nyuma miaka sitini, na safari hii hatuendi Yorkshire wala Nottingham. Tunakwenda Berkshire, kusini mwa Uingereza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Barnsdale ya Yorkshire, ambako utenzi unasema ndiko Robin alikovizia wasafiri.

Mwaka 1261 mahakimu wa mfalme walipita huko kusikiliza kesi. Katika orodha ya watu waliotoroka, wakishukiwa kwa wizi na kuwaficha wezi, karani aliandika jina la William, mwana wa Robert mhunzi. Basi. Kijana wa mhunzi kaingia kwenye genge baya, kakimbia.

Mtu akitoroka namna hiyo, vitu vyake vilikuwa vya mfalme: ng'ombe, nafaka, hata sufuria. Lakini mkuu wa nyumba ya watawa ya Sandleford alijitwalia mali ya William bila kibali. Akabanwa, akatozwa faini, kisha mfalme akamsamehe. Msamaha ule ulibidi uandikwe Hazina, na mwaka 1262 karani mwingine akaunakili kwenye ngozi yake. Alipofika kwenye jina la mtoro hakuandika William mwana wa Robert mhunzi. Aliandika William Robehod.

Mtu ni yule yule. Nyumba ya watawa ni ile ile, na kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni jina, na limebadilika mkononi mwa karani.

David Crook, mtaalamu wa nyaraka, ndiye aliyezilinganisha ngozi hizi mbili na kuchapisha alichokiona mwaka 1984. Wapo wanaosema karani aliteleza tu: baba mtu aliitwa Robert, kalamu ikarukia huko. Yawezekana. Ila kuteleza kutoka "mwana wa Robert mhunzi" hadi "Robehod", kwa neno moja lililounganishwa, ni kuteleza kwenye shabaha mno. Mimi nawaunga mkono wanaosema karani yule alikuwa anatania. Aliona mtoro, aliona genge, akambandika jina ambalo kila mtu ofisini angelielewa na kucheka.

Kama ni hivyo, basi mwaka 1262 Robin Hood alikuwa tayari hadithi. Karani hata hakuwa Yorkshire, na bado jina limemfikia. Na jina haliwezi kuvuma nchi nzima kwa usiku mmoja. Aliyelivumisha, kama aliwahi kuwa na nyama na damu, lazima alitangulia. Miaka kumi? Ishirini? Zaidi?

Edward wa Pili hakuwa hata amezaliwa.

Twende York basi. Julai 1225, mahakimu wameketi mjini. Mtu mmoja kaitwa, hakutokea. Ukiitwa kikao baada ya kikao na usionekane, ulitangazwa uko nje ya sheria, na sheria yenyewe ilikupa cheo chako kipya: kichwa cha mbwa mwitu. Maana yake, atakayekukuta akuue tu, hana kesi ya kujibu.

Mwaka uliofuata, 1226, hesabu za Yorkshire zilipelekwa Hazina. Ziliandikwa kwenye ngozi ndefu za kondoo zilizokunjwa mithili ya bomba, na humo ndani ipo mali iliyokamatwa ya mtoro mmoja. Thamani yake ni shilingi 32 na peni 6. Usizipime kwa shilingi yetu. Shilingi ile ilikuwa na peni 12, kwa hiyo jumla ni peni 390. Yule bawabu wetu wa peni 3 kwa siku angefanya kazi siku 130 kuzipata, naye aliishi karne moja baadaye, bei zikiwa zimeshapanda. Huyu mtoro hakuwa kapuku. Alikuwa na mifugo, au zana, au ghala la kutazamika.

Jina lake: Robert Hod.

Mwaka 1227 deni lile likatajwa tena, na safari hii karani hakujisumbua na jina la heshima. Kaandika Hobbehod, maana Hobbe ndivyo akina Robert walivyoitwa mitaani. Hakuna mwingine kabla yake, katika nyaraka zote zilizofunguliwa, ambaye ana jina hili na alitangazwa kuwa nje ya sheria. Lakini kosa lake halikuandikwa. Serikali haikujali yuko wapi. Ilijali shilingi 32 ziko wapi.

Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Crook hakufunga. Alimwangalia mtu aliyekuwa anashika kazi ya sherifu Yorkshire wakati ule, aliyepaswa kuzifuatilia pesa hizo. Aliitwa Eustace wa Lowdham. Lowdham ni kijiji, na hakiko Yorkshire. Kiko jirani na mji wa Nottingham, na miaka michache baadaye Eustace akawa sherifu wa Nottingham.

Umesikia vizuri. Sherifu wa Nottingham.

Katika hesabu za Eustace huyo huyo, miaka hiyo hiyo, kuna shilingi 40 za kukodi askari. Kazi yao haikuwa kukamata ng'ombe. Walitumwa wamtafute mtu mmoja, wamkamate, wamkate kichwa. Hazina ya mfalme haikuwa na desturi ya kutoa pesa nyingi hivyo kwa ajili ya mwizi mmoja wa vijijini, lakini huyu wamemwita mhalifu wa nchi. Anatoka Wetherby, kama kilomita 20 kutoka York. Na jina lake la kwanza ni Robert.

Wakati mmoja, Yorkshire hiyo hiyo, sherifu huyo huyo: Robert mmoja mali yake imekamatwa na mwenyewe hajulikani aliko, Robert mwingine anawindwa kwa gharama kubwa, na mali yake haitajwi.

Kisha unakuja mstari mfupi kuliko yote. Shilingi 2, bei ya mnyororo wa kumtundikia Robert wa Wetherby.

Kwa hiyo walimpata. Lakini utenzi unasema Robin Hood hakufa mikononi mwa sherifu. Unasema alikwenda kwa miguu yake hadi nyumba ya watawa ya Kirklees, kwa ndugu yake wa kike, atolewe damu mshipani kama tiba, na mwanamke yule akamsaliti. Kama akina Robert hawa wawili ni mtu mmoja, na shingo yake iliishia kwenye mnyororo wa shilingi 2, ni nani basi aliyebisha hodi Kirklees?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO