Guna: Si Sifa, Ni Uzi

Mswahili anayeanza kujifunza yoga akiambiwa kwamba guna zake zimeyumba, sikio lake hupokea jambo jingine kabisa. Kwetu kuguna ni kutoa sauti ya kutoridhika, na mguno ni wa mtu aliye na neno moyoni asiyetaka kulitamka. Guna ya Kisanskriti haina undugu wowote na mguno huo. Ndiyo maana mtafsiri husita kulikopa neno hilo lilivyo, akashika lililo karibu na mkono: sifa. Naamini sifa inapotosha, na upotoshaji wake unafika hadi kwenye sahani ya chakula na saa ya kuamka.

Katika Kisanskriti, guna ni uzi, hasa ule unaosokotwa na wenzake hadi kuwa kamba. Ni pia upote wa upinde. Maana ya sifa au ubora nayo imo, na kuna mahali inafaa: wanafalsafa wa Vaisheshika walipozungumzia guna walikusudia rangi, ladha, harufu na mengineyo ambayo kitu huwa nayo. Hapo andika sifa, hutakosea. Lakini yoga haikujengwa juu ya Vaisheshika. Imejengwa juu ya falsafa ya Sankhya, ambayo mafundisho yake yamefupishwa katika Sankhya Karika ya Ishvarakrishna, beti zisizozidi sana 70 zilizotungwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Humo guna si kitu ambacho maumbile, yaani prakriti, yanacho. Guna ndiyo maumbile yenyewe. Rangi ya kamba ikichujuka, kamba ingalipo. Zitoe nyuzi zake, utabaki na nini mkononi?

Kwa sababu hiyo nachagua uzi, na kwa wingi nyuzi tatu za maumbile. Neno upote lilinivutia kwa muda mrefu, maana linatokana na kupota, na linabeba upinde na usokotaji kwa pamoja kama guna yenyewe. Nimeliacha kwa kuwa wasomaji wengi wa leo wangehitaji kamusi ili waielewe tafsiri.

Nyuzi zenyewe ni satva, rajasi na tamasi. Satva mara nyingi hutafsiriwa utulivu, na hapa ndipo hatari ilipo. Aliyelala fofofo naye ametulia, na aliyekata tamaa ametulia pia, ilhali hao wameshikwa na tamasi. Sankhya Karika inaipa satva mambo mawili: wepesi na kuangaza. Ung'avu unayachukua yote mawili kwa heshima. Rajasi ni kile kinachosukuma na kutikisa. Mtu angeweza kuiita pupa, lakini pupa tayari ni lawama, na bila rajasi hata jani halichipui; basi niiite msukumo. Tamasi ni uzito unaofunika na kuzuia. Tusiiite uvivu, maana usingizi wa usiku ni kazi yake, na bila uzito huo hakuna kitu ambacho kingekaa mahali pake. Ubeti wa 13 unazifananisha nyuzi hizi na taa: mambo yanayopingana yanatumikia mwanga mmoja. Wafafanuzi waliongeza kwamba utambi, mafuta na moto havifanani, na hata hivyo ndivyo vinavyowaka pamoja.

Sasa tufike kwenye usemi unaorudiwa sana, wa kusawazisha guna. Sankhya ina neno lake la usawa wa nyuzi tatu, samyavasta, na neno hilo linataja hali ya kabla ya ulimwengu kuwapo. Nyuzi zote zikiwa na nguvu sawasawa, hakuna uliozidi mwenzake, basi hakuna kinachotokea: hakuna akili, hakuna mwili, hakuna mche wala jiwe. Ulimwengu huanza usawa huo unapovunjika. Hivyo mwenye kuamka alfajiri na kuketi kupumua hafanyi kazi ya kusawazisha. Anautanguliza uzi mmoja mbele ya nyingine mbili. Kutanguliza ung'avu, hiyo ndiyo tafsiri ninayoitetea.

Mazoea ya kila siku yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa hivyo. Wanaofuata yoga huisifu brahma muhurta. Muhurta moja ni dakika 48, na brahma muhurta huanza muhurta mbili kabla ya jua kuchomoza. Jua likichomoza saa 12 kamili, ni kuanzia saa 10 na dakika 24 alfajiri. Uzito wa usiku umepungua na msukumo wa mchana haujaamka, kwa hiyo ung'avu unapata nafasi. Kuhusu chakula, sura ya 17 ya Bhagavad Gita, andiko takatifu la Kihindu, inakipanga kwa nyuzi tatu. Kilicho kikali, chachu, cha chumvi nyingi na chenye kuunguza ni cha rajasi. Katika vya tamasi limo neno linalomaanisha kilicholala usiku kucha, na Kiswahili tunalo neno lake hasa: kiporo. Vitunguu na nyama, ambavyo walimu wengi wa leo huvikataza, sura hiyo haivitaji kwa majina. Kigezo chake ni hali ya chakula na kile kinachomwachia mlaji.

Ninalolithamini zaidi katika mafundisho haya ni kwamba aliyezama katika uzito haambiwi aruke moja kwa moja hadi kwenye ung'avu. Kwanza anahitaji msukumo. Ndiyo maana mwanafunzi mzito huanzishwa na surya namaskara, mfululizo wa mikao 12 ya kusalimu jua, kabla ya kuketishwa kimya. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alipohutubia Madras mwaka 1897 aliwaambia vijana kwamba mpira wa miguu ungewafikisha karibu zaidi na mbingu kuliko kuisoma Gita. Aliona taifa lake limelemewa na tamasi, na dawa yake ilikuwa rajasi. Aliyezoea kutafsiri guna kuwa sifa atadhani Vivekananda aliidharau Gita. Anayeziona nyuzi anaelewa kwamba alikuwa akieleza ni upi uvutwe kwanza.

Gita yenyewe, katika sura ya 6, inasema yoga si ya mlaji kupita kiasi wala ya mwenye kujinyima kabisa, si ya mlalaji sana wala ya mkeshaji. Anayetaka neno la kuweka mahali pa usawa analipata hapo: kiasi.

Uzi una faida moja zaidi ambayo sifa haina: uzi hufunga. Sura ya 14 ya Gita inasema kila guna humfunga mtu. Tamasi kwa uzembe na usingizi, rajasi kwa kiu na kazi, na satva kwa raha na ujuzi. Hata uzi unaong'aa ni kifungo, na mwisho wa safari ni kutoka katika zote tatu. Tukiandika sifa, hakuna msomaji atakayeelewa kwa nini mtu aikimbie sifa njema. Nawaomba wanaoandika habari za yoga kwa Kiswahili waandike nyuzi tatu, ung'avu, msukumo na uzito, na neno usawa waliachie ile hali ya kabla ya ulimwengu.