Muhuri wa Pili: Ushahidi wa Sarafu za Fedha za Wayunani

Mtu anayeanza kukusanya sarafu za kale aghalabu hutafuta zilizo nzuri na kamili. Akiona sarafu ya fedha ya Wayunani iliyogongwa alama ndogo isiyokuwa sehemu ya sura yake ya kwanza, huiona ina dosari, akaiweka kando. Katika insha hii twataka kuonyesha kwamba, kwa mwanahistoria, dosari hiyo ni hazina.

Hapana budi tuanze na kazi ya sarafu yenyewe. Baada ya sarafu kuanza kutumika Lydia, magharibi ya Uturuki ya leo, katika karne ya 7 K.K., miji ya Wayunani nayo ilitengeneza zake. Athens ilichora kichwa cha mungu wa kike Athena na bundi. Side, mji wa pwani ya kusini ya Uturuki ya leo, ulichora komamanga, kwa kuwa jina lake lilikuwa na maana ya tunda hilo. Nembo ilikuwa ahadi ya mji kwamba fedha ni safi na uzito ni kamili. Sarafu kubwa ya Athens, yenye thamani ya drakma nne, ilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi. Na fedha yake ilichimbwa na watumwa katika migodi ya Laurion.

Lakini ahadi ya mji haikuaminiwa kila mahali. Sarafu ya bundi ilipofika Misri au Shamu, mara nyingi ilikatwa kwa patasi ili ionekane kama ndani mna fedha au shaba. Hata Athens kwenyewe mashaka yalikuwapo. Jiwe lililofukuliwa katika soko la kale la mji huo mwaka 1970 limeandikwa sheria ya mwaka 375/374 K.K., iliyomwamuru mtumwa wa serikali aketi akikagua fedha. Sarafu yenye kiini cha shaba au risasi aliikata papo hapo. Muuzaji aliyekataa fedha iliyokubaliwa na mkaguzi alinyang'anywa bidhaa zake za siku hiyo. Na mkaguzi asipoketi kazini alichapwa viboko 50. Basi aliyekabidhiwa uaminifu wa fedha ya mji alikuwa mtu asiyemiliki hata nafsi yake.

Muhuri wa pili ulikuwa njia nyingine ya kuondoa mashaka. Badala ya kuikata sarafu ya kigeni au kuiyeyusha, wenye mamlaka waliigonga alama yao, nayo ikapata idhini ya kutumika kwao. Mathalani, katika karne ya 2 K.K., sarafu za Side na za miji jirani zilizoingia katika dola ya Waseleuko, watawala wa Shamu, ziligongwa nanga, nembo ya ukoo huo. Hivyo kipande kimoja cha fedha chatueleza kilikotengenezwa, kilikopokewa, na ni nani aliyekuwa na haki ya kusema kwamba fedha hii ni halali.

Hata hivyo, ushahidi huo hupungua sana sarafu ikichimbuliwa kwa siri na kuuzwa pasipo kujulikana ilikotoka. Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilikutwa mahali pamoja, dinari zenye tarehe ziliwawezesha wataalamu kukadiria umri wa zile za fedha zisizokuwa na tarehe. Laiti zingalitawanywa mikononi mwa wanunuzi, elimu hiyo ingalipotea.

Kwa hiyo, mwanafunzi akiona sarafu ya kale shambani au ufukoni, asiisugue ili ing'ae, wala asiiuze. Aiache mahali pake, akamwarifu mwalimu wake, ili habari ifike kwa wahusika wa mambo ya kale. Kukusanya kwa kweli ni kuhifadhi sarafu pamoja na habari zake.