Furaha ya Nani? Simfonia ya Tisa ya Beethoven katika Mchoro wa Klimt

Uhusiano baina ya muziki na uchoraji mara nyingi huelezwa kana kwamba sauti hugeuka rangi moja kwa moja, pasipo kitu chochote kati yao. Historia ya mchoro ambao Gustav Klimt aliuchora ukutani mjini Vienna mwaka 1902, kwa kuchochewa na Simfonia ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, haiungi mkono dai hilo. Baina ya sauti za Beethoven na rangi za Klimt palikuwa na maneno: kwanza shairi, kisha ufafanuzi wa muziki uliolibeba shairi hilo. Kwa sababu hiyo mchoro huu unastahili kusomwa kama uhakiki. Na maadamu ni uhakiki, ni haki ya msomaji kuuliza umechukua nini na umeacha nini.

Simfonia hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Mei 1824, wakati ambapo mtunzi wake alikuwa kiziwi. Sehemu tatu za mwanzo ni za ala tupu. Katika sehemu ya nne Beethoven alifanya jambo lisilokuwa la kawaida katika utanzu huo: aliingiza waimbaji na kwaya, wakaimba beti alizoziteua kutoka shairi la Friedrich Schiller kuhusu furaha, lililotungwa mwaka 1785. Dhamira kuu ya shairi hilo ni udugu wa wanadamu wote. Mwaka 1846, Richard Wagner alipoiongoza simfonia hiyo mjini Dresden, aliwaandikia wasikilizaji maelezo yanayoisawiri kama mapambano ya nafsi inayotafuta furaha dhidi ya nguvu zinazoizuia. Hivyo hata sehemu za ala tupu zilipata kisa. Wanahistoria wengi wa sanaa wanaona kwamba kisa hicho ndicho kilichomwongoza Klimt.

Klimt alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wasanii kilichoitwa Secession, kilichoundwa mwaka 1897 kupinga ukale wa taasisi za sanaa za Vienna. Maonyesho ya kumi na nne ya chama hicho, yaliyofunguliwa Aprili 1902, yalikusudiwa kuziunganisha sanaa mbalimbali chini ya paa moja kwa heshima ya Beethoven. Josef Hoffmann alizipanga kumbi. Katikati iliwekwa sanamu ya Beethoven iliyochongwa na Max Klinger. Na Gustav Mahler aliongoza dondoo la sehemu ya nne ya simfonia, likiwa limepangwa upya kwa ala za kupuliza. Mchoro wa Klimt ulizunguka kuta tatu za ukumbi wa kando, sehemu ya juu. Urefu wake ulikuwa mita 34, na kimo chake kilizidi mita mbili.

Ukuta wa kwanza unaonyesha wanawake wanaoelea angani, ishara ya hamu ya furaha. Chini yao wanadamu dhaifu, wakiwa uchi, wanamsihi shujaa aliyevaa deraya ya dhahabu awapiganie. Ukuta wa pili ni wa nguvu za uadui: jitu lenye sura ya nyani, mbawa na mwili wa nyoka, pamoja na maradhi, wazimu, kifo na tamaa. Ukuta huo uliwakera watazamaji wengi wa wakati huo, ambao waliuona kuwa mbaya na wenye kukiuka adabu. Katika ukuta wa tatu, hamu inatulizwa na Ushairi, aliyesawiriwa kama mwanamke mwenye kinubi. Hatimaye inaonekana kwaya ya wanawake na, mbele yake, mwanamume na mwanamke waliokumbatiana.

Hapa ndipo tofauti baina ya mchoro na simfonia inapodhihirika. Shujaa aliyeombwa kupigana haonekani akipigana. Wale wanaoelea wanapita juu ya nguvu za uadui na kuziacha zilivyo, hazishindwi. Aidha, furaha iliyo katika shairi la Schiller inawahusu watu wote, ilhali kwa Klimt inafikiwa kupitia sanaa na kuishia kwa watu wawili. Mwanamume amewapa watazamaji mgongo, na wapenzi hao wamefungiwa ndani ya umbo la dhahabu, kana kwamba ulimwengu umebaki nje. Yamkini mtu atasema kwamba wawili hao wanawakilisha wanadamu wote, na kwamba kwaya iliyo nyuma yao inathibitisha hivyo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kuna umbali mkubwa baina ya umma unaoalikwa kuimba na umma unaotazama wengine wakikumbatiana. Klimt aliuchukua wito wa udugu akaugeuza kuwa kimbilio.

Udhaifu wa kimbilio hilo ulifichuliwa na historia ya mchoro wenyewe. Ulikuwa umekusudiwa kuondolewa baada ya maonyesho, ndiyo maana ulichorwa juu ya lipu iliyoshikiliwa na matete, ukipambwa kwa dhahabu, vipande vya vioo na vifungo. Badala ya kubomolewa, ulinunuliwa na Carl Reininghaus mwaka 1903, ukakatwa vipande. Mwaka 1915 uliingia mikononi mwa August Lederer, mwenye viwanda wa ukoo wa Kiyahudi. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, waliipokonya familia hiyo mali yake, ukiwemo mchoro huu. Tarehe 19 Aprili 1942, katika mkesha wa siku ya kuzaliwa kwa Hitler, Simfonia ya Tisa ilipigwa mjini Berlin chini ya uongozi wa Wilhelm Furtwängler. Nyimbo za udugu ziliimbwa kwa heshima ya mtawala ambaye serikali yake ilikuwa ikiwaua Wayahudi.

Baada ya vita mchoro ulirudishwa kisheria kwa Erich Lederer, mwana wa August, lakini serikali ya Austria haikumruhusu kuutoa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliiuzia serikali hiyo. Ulifanyiwa ukarabati wa miaka mingi, na tangu 1986 umewekwa katika jengo la Secession. Warithi waliudai tena mwaka 2013. Mwaka 2015 bodi iliyoteuliwa kuishauri serikali ilipendekeza usirudishwe.

Mhakiki anayeshughulikia fani peke yake anaweza kuuliza mambo haya yanahusu nini uzuri wa dhahabu ya Klimt. Yanahusu sana. Simfonia hukaa katika maandishi na yeyote anaweza kuipiga upya, mwema kwa mwovu. Mchoro ni kitu kimoja, una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuporwa. Wito wa Schiller ulipohama kutoka sauti hadi ukutani, ulipata umbo linaloweza kumilikiwa, na hapo swali la ni nani aliyemo katika udugu huo likawa pia swali la mahakama na sheria. Mkumbatio ule ungali mzuri. Lakini nguvu za uadui katika ukuta wa pili, ambazo hakuna aliyezipiga vita mchoroni, hazikubaki ukutani.