Moshi wa Jirani: Watu na Marufuku ya Tumbaku katika Istanbul (1633) na Ayalandi (2004)

1. Utangulizi

Tarehe 29 Machi 2004 Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza uvutaji wa tumbaku katika karibu sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, baa na migahawa zikiwamo. Kabla ya siku hiyo watu wengi, ndani na nje ya nchi hiyo, walidhani kwamba amri hiyo haitatiiwa. Baa ya Ayalandi ni mahali pa mazungumzo, pa muziki na pa kupokea habari za kijiji. Kuitenga na moshi kulionekana kuwa sawa na kutenga mwiko na chungu. Hata hivyo amri ilitiiwa, tena mapema kuliko walivyotazamia hata wale walioitunga.

Karibu karne nne kabla ya hapo, Sultani Murad wa Nne, mtawala wa dola ya Uthmaniya, alikwisha kukataza tumbaku katika mji wake mkuu wa Istanbul. Sultani huyo alikuwa na jeshi, alikuwa na wapelelezi, na adhabu aliyoiweka ilikuwa kifo. Mvutaji wa Ayalandi, kwa upande wake, aliogopa faini isiyozidi euro 3,000. Lakini amri ya Sultani ilivunjwa kila siku, na baada ya kifo chake ikafifia; amri ya Ayalandi ingali inafuatwa.

Kwa nini faini iliweza jambo lililoushinda upanga? Makala haya yanatafuta jibu kwa kuzitazama amri hizo mbili kwa upande wa watu walioamriwa: walisema nini, walifanya nini, na nani kati yao alikuwa na faida ya kuona amri inashikwa.

2. Istanbul: amri iliyomwandama mtu

Tumbaku iliingia Istanbul mnamo mwaka 1600. Waandishi wa Kituruki wa karne ya 17 wanasema kwamba iliuzwa kwanza na Waingereza kama dawa ya maradhi yaliyodhaniwa kutokana na unyevu mwilini. Muda si muda ikaacha kuwa dawa, ikawa desturi, na makao yake yakawa nyumba za kahawa, ambazo nazo zilikuwa zimeenea mjini tangu karne iliyotangulia.

Mwanahistoria İbrahim Peçevi, aliyeishi wakati huo, ameacha maelezo yanayostahili kuzingatiwa. Anasimulia jinsi nyumba za kahawa zilivyojaa moshi hata waliokaa humo wasiweze kuonana. Jinsi wavutaji walivyotembea sokoni na njiani na viko vyao, wakipulizana moshi usoni na machoni. Na jinsi harufu yake ilivyoshika ndevu na vilemba. Kwa hiyo malalamiko juu ya moshi wa jirani si jambo la leo. Yalikuwapo tangu tumbaku ilipoanza kuvutwa hadharani, na yalitoka katika vinywa vya watu wa kawaida, wala si katika ikulu tu.

Lakini amri ya Murad haikujengwa juu ya malalamiko hayo. Mwaka 1632 askari walikuwa wameasi na kumwua waziri mkuu, Hafiz Ahmed Pasha, na Sultani, aliyekuwa bado kijana, alishuhudia jinsi kiti chake kilivyotikisika. Mwaka 1633 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya Istanbul. Baada ya moto huo tumbaku ilikatazwa na nyumba za kahawa zikafungwa. Moto ulitajwa kuwa sababu, na mahubiri ya Kadızade Mehmed Efendi, mhubiri aliyepinga kila jambo lililozuliwa baada ya zama za Mtume, yaliipa amri nguvu ya dini. Wanahistoria wengi, hata hivyo, wanaona kwamba Sultani alichokiogopa zaidi ni mikutano: watu waliokaa pamoja, askari na raia, wakinywa kahawa na kuizungumza serikali.

Watu waliipokeaje amri hiyo? Shahidi bora ni Kâtip Çelebi, mwandishi wa hesabu katika jeshi, aliyezaliwa mwaka 1609 na kufuatana na askari katika safari za vita. Katika kitabu chake *Mîzânü'l-hakk*, alichokikamilisha mwaka 1656, anaeleza kwamba kadiri ukali ulivyozidi ndivyo hamu ya watu ilivyozidi. Katika safari ya Baghdad waliuawa watu wengi kwa kosa la kuvuta, wakiwamo wenye vyeo. Na hata hivyo baadhi ya askari walificha viko vifupi katika mikono ya nguo zao, wakapata nafasi ya kuvuta wakati wenzao walipokuwa wakiuawa. Mjini nako askari walivuta vyooni katika kambi zao.

Habari hii haionyeshi ushujaa wa mvutaji tu. Inaonyesha pia kimya cha asiyevuta. Aliyemwona mwenzake akivuta chooni alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kunyamaza, au kumtia mwenzake mikononi mwa mwuaji. Hata yule aliyechukizwa na moshi, kama Peçevi, hakuwa na njia ya kusema "umenisumbua" bila kusema pia "afe". Adhabu ilikuwa nzito mno hata ikawanyima watu sauti. Amri ikabaki ya mtu mmoja, na mtu huyo alipofariki mwaka 1640 hakuacha wengi wa kuitetea. Kabla ya karne hiyo kupita nusu yake kwa mbali, Sheikhulislamu Bahai Efendi, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, alitoa fatwa kwamba tumbaku ni halali. Baadaye dola ikajipatia mapato kwa kuitoza kodi.

Kâtip Çelebi hakuwa mpenzi wa tumbaku. Shauri lake lilikuwa kwamba serikali iikubali, iitoze ushuru, na iamuru iuzwe mahali pamoja maalumu katika kila mji badala ya kutapakaa masokoni. Neno *mahali* katika shauri hilo lina uzito, kama itakavyoonekana.

3. Ayalandi: amri iliyoshika mahali

Ayalandi haikuanza mwaka 2004. Sheria ya mwaka 1988 na kanuni zake za mwaka 1990 zilikwisha kukataza uvutaji katika majengo mengi ya serikali na shuleni. Baa hazikuguswa. Mnamo Januari 2003 waziri wa afya, Micheál Martin, alitangaza kwamba nazo zitaingizwa katika marufuku. Alifanya hivyo baada ya kupokea taarifa ya wataalamu juu ya madhara ya moshi kwa wafanyakazi. Amri ilitazamiwa kuanza tarehe 1 Januari 2004, kisha ikaahirishwa hadi mwisho wa Machi.

Mwaka huo mmoja wa kungoja ulijaa mabishano. Wenye baa walisema kwamba biashara itakufa na watu watapoteza kazi. Waliomba angalau vyumba vya pekee kwa wavutaji, au mitambo ya kusafisha hewa. Katika jimbo la Kerry baadhi yao walitangaza kwamba hawataitii amri. Wengine walileta hoja isiyo ya fedha: mzee wa shamba anayeishi peke yake, ambaye furaha yake pekee ni kukaa jioni na glasi na kiko chake kati ya majirani, je, atafukuzwa akasimame mvuani? Hoja hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Baa ya kijijini ilikuwa, kwa watu wengi, sebule ya pili.

Upande wa pili haukuwa na madaktari peke yao. Vyama vya wafanyakazi, pamoja na chama cha Mandate kilichokuwa na wahudumu wa baa, viliunga mkono marufuku. Hapo ndipo pana kiini cha jambo. Serikali haikusema kwamba mvutaji ni mtu mbaya, wala haikumwamuru aache. Ilisema kwamba mhudumu anayevuta hewa ya baa saa nane kila siku ana haki ya kurudi nyumbani na mapafu yake, kama mfanyakazi wa kiwanda anavyostahili kulindwa na vumbi la kiwanda. Mteja aweza kuondoka moshi ukimzidi, mhudumu hawezi. Kwa hoja hiyo chumba cha pekee kwa wavutaji kilikosa maana, kwa sababu hata chumba hicho lazima mtu aingie kupokea maagizo na kukusanya glasi.

Siku chache za kwanza zilileta mtihani. John Deasy, mbunge na msemaji wa chama cha Fine Gael kuhusu mambo ya haki, aliwasha sigara katika baa ya bunge lenyewe. Kiongozi wa chama chake, Enda Kenny, alimwondoa katika cheo cha usemaji. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Raia waliokuwa wakitazama waliona kwamba safari hii umeanza kukatia kwa wakubwa. Mnamo Julai mwaka huohuo baa moja ya mji wa Galway iliruhusu wateja kuvuta waziwazi. Mambo yakafika mahakamani, wenye baa wakatozwa faini, na uasi ukaishia hapo.

Zaidi ya visa hivyo hapakuwa na vita. Wakaguzi walikuta kwamba zaidi ya 90 kwa 100 ya mahali walipopita palifuata sheria. Mlinzi mkuu wa sheria hakuwa mkaguzi, bali watu waliokuwamo baani. Mhudumu aliweza kumwambia mteja, "Tafadhali, nje", naye mteja akatoka bila fedheha na kurudi bila chuki. Sheria yenyewe ilikuwa imemwachia mlango, kwa kueleza mahali gani pahesabiwe kuwa nje: pasipo na paa, au penye paa lakini kuta zisizozidi nusu ya mzunguko wake. Wenye baa wakajenga vibanda na kuweka viti uani. Waliokutana hapo, wageni kwa wenyeji, wakaanza kuongea na hata kutongozana, hata Kiingereza cha mitaani kikalitumia neno la utani "smirting", lililoungwa kutokana na neno la kuvuta na neno la kutongoza.

Matokeo ya kiafya yalipimwa mapema. Katika baa 42 za Dublin, vumbi jembamba la moshi lilipungua kwa asilimia 83 baada ya sheria. Uchunguzi mwingine ulipima mate ya wahudumu wasiovuta, ili kujua kiasi cha kotinini, yaani mabaki ya nikotini mwilini. Katika Jamhuri ya Ayalandi kiasi hicho kilipungua kwa asilimia 80. Katika Ayalandi ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, ambako sheria kama hiyo haikuanza hadi Aprili 2007, kilipungua kwa asilimia 20 tu. Ni kweli kwamba mauzo ya baa yalishuka mwaka 2004, lakini yalikuwa yameanza kushuka kabla ya sheria.

4. Ulinganisho

Yaweza kupingwa kwamba nchi hizi mbili hazilinganishiki. Katika Ayalandi ya mwaka 2004 wavutaji hawakufika theluthi moja ya watu wazima, hali Kâtip Çelebi aliwaona wavutaji wa zama zake kuwa wengi kuliko wasiovuta. Tena Ayalandi ilikuwa na bunge, magazeti na elimu ya tiba ambayo Istanbul haikuwa nayo. Pingamizi hilo lina haki, na hakuna anayeweza kudai kwamba sababu ni moja.

Lakini wingi hauelezi yote. Palipo na wavutaji theluthi moja, kila baa ina watu wa kutosha kuivunja amri wakitaka. Kilichotofautisha ni kwamba amri ya Murad ilimwandama mtu popote alipo, njiani, kambini na chooni, na hivyo ikamfanya kila mvutaji kuwa mkosaji wa saa zote. Amri ya Ayalandi ilishika mahali. Mtu yuleyule, akipiga hatua kumi, hana kosa. Pili, amri ya Murad ilimlinda mtawala, na jirani hakuona faida yake ndani yake. Amri ya Ayalandi ilimtaja mtu anayelindwa, mtu ambaye wateja wanamjua kwa jina na kwa sura.

Kiswahili kina chombo kinachofaa kueleza tofauti hiyo. "Usivute sigara" ni amri kwa mtu, nayo humwita mkosaji kabla hajakosa. "Humu hamvutwi sigara" haimtaji mtu yeyote. Kiambishi cha *mu* kinaonyesha ndani, nacho kinaweka mpaka: jambo lililokatazwa ni la humu, si la huko nje. Kanuni za Ayalandi za paa na kuta zilikuwa zikitafuta kwa kurasa kadhaa kile ambacho ngeli ya mahali inakisema kwa silabi moja.

5. Hitimisho

Mfano wa Ayalandi ulifuatwa na Norway mwaka huohuo 2004, Uskoti mwaka 2006, Uingereza mwaka 2007, na Ufaransa katika baa na migahawa yake mwaka 2008. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo imeuridhia, unadai katika kifungu chake cha 8 kwamba watu walindwe na moshi katika sehemu za kazi, katika vyombo vya usafiri na katika majengo ya umma.

Kuuridhia mkataba na kuandika marufuku ukutani ni kazi nyepesi. Historia ya mahali hapa pawili inafundisha kwamba marufuku hushikwa na jirani, wala si na askari, na kwamba jirani hataishika mpaka apate mambo mawili: ajue inamlinda nani, na aweze kumkumbusha mwenzake bila kumwangamiza. Peçevi alikuwa na malalamiko ya haki katika nyumba ya kahawa ya Istanbul. Mtawala wake alimpa mwuaji, naye alichohitaji ni mlango na neno la adabu.