Joto Lisilozimika Ghalani

Nabii Isaya alitabiri siku ambayo silaha za vita zitageuzwa kuwa zana za kilimo. Sisi tunaojua kazi ya mhunzi twaelewa: chuma kikishapoa, hakikumbuki tena kwamba kilikuwa upanga. Lakini karne ya 20 ilileta silaha ambayo kiini chake hakipoi.

Kiini hicho ni plutoniamu. Hata ikilala ghalani bila kuguswa, atomu zake huvunjika zenyewe na kutoa joto: kilo moja hutoa wati 2 hivi, usiku na mchana. Mionzi yake mingi huzuiwa hata na karatasi, ila vumbi lake likivutwa mapafuni laweza kuleta saratani. Tena miaka inavyopita, sehemu ndogo yake hugeuka kuwa amerisiamu, ambayo mionzi yake hupenya zaidi. Kwa hiyo watunzaji hupanga makasha ili joto lipate pa kutokea, huweka kinga, na hupima mionzi inayompata kila mfanyakazi.

Kazi hiyo hufanyika katika kiwanda cha Pantex, karibu na Amarillo, Texas, ambako silaha za nyuklia za Marekani huunganishwa na kufunguliwa. Mwaka 1981 Leroy Matthiesen, Askofu Mkatoliki wa Amarillo, aliwasihi wafanyakazi watafakari kazi yao na kufikiria kutafuta ajira za amani. Neno hilo lilikuwa gumu, kwa kuwa hata waumini wake walipata riziki kiwandani humo. Walioacha kazi walikuwa wachache mno. Vita Baridi ilipokwisha, kiwanda kilekile kikafungua maelfu ya silaha. Viini vyake vikabaki ghalani, vikiwa bado na joto.

Hapa imani yetu inapimwa. Askofu alitenda vema kuonya. Hata hivyo, leo wote wakiondoka, nani atalinda makasha? Anayeyalinda kwa uaminifu naye anampenda jirani yake. Majuto ni mjukuu: baada ya miaka 24,000, nusu ya plutoniamu hiyo itakuwa ingali ipo. Mungu husamehe anayetubu, lakini toba haiondoi mzigo uliokwisha kutwikwa wajukuu.

Basi tuwaombee walinzi hao, na tusinyamaze pale mataifa yanapotaka kuunda viini vipya.