Himaya ya Kisiwa cha Misali

Mwenye kutoka Wesha, Pemba, kwa mashua kuelekea magharibi hukifikia kisiwa kidogo cha Misali. Ukubwa wake hautimii kilomita moja ya mraba, wala hakina mji. Maji yakipwa, miamba na mizizi ya mikoko huwa wazi. Yakijaa, samaki huingia humo kutafuta riziki yao. Usiku kasa na ng'amba hupanda mchangani kutaga. Nao wavuvi hupiga dago hapo tangu enzi za mababu.

Wazee wa Pemba husimulia kuwa Nabii Khidhr a.s. alifika hapo akaomba msala, na wavuvi hawakuwa nao. Akasema kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea Kibla, basi hicho ndicho msala wake. Simulizi hii si hoja ya sheria, lakini imewatia watu adabu. Nani atakayetia uchafu juu ya msala?

Ama sheria ina mlango wake. Zama za Jahiliya mkubwa wa kabila alikuwa akizuia malisho mazuri yawe ya wanyama wake peke yake, na wanyonge wakafukuzwa. Malisho hayo yaliitwa hima, na neno letu "himaya" ni la asili hiyo hiyo. Mtume s.a.w. aliibatilisha desturi hiyo, akabainisha kuwa hima ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake tu, yaani kwa maslaha ya wote.

Sayyidna Umar r.a., Khalifa tangu 634 mpaka 644, alimweka Hunayy kusimamia hima. Imepokewa na Bukhari kwamba alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na awaingize wenye ngamia na kondoo wachache. Ama mifugo ya matajiri aizuie. Kwani tajiri mifugo yake ikifa, ana mitende na mashamba. Masikini atakuja mlangoni na watoto wake.

Sasa tutazame yaliyopita Misali. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa kijengwe hoteli ya watalii. Wavuvi wakapinga, na mpango ukavunjika. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakifanya hifadhi: sehemu moja ya bahari haivuliwi ili samaki wazaane, na iliyobaki ni ya wavuvi. Masheikh nao wakasaidia kufundisha, kwani yupo asiyejali amri ya serikali, lakini akielezwa kuwa baruti inayovunja matumbawe ni israfu na ufisadi, husita.

Basi ndugu msomaji, mizani ni hii. Hifadhi inayomfukuza mwenye ngalawa ili mwenye fedha astarehe imerudi kwenye hima ya Jahiliya. Na mvuvi anayeingia usiku palipozuiwa, naye anakula haki ya mwenzake na ya watoto wasiozaliwa bado. Ukijaaliwa kuizuru Misali, liache yai la kasa mahali pake, na tumbawe usilikanyage. Umeingia katika amana ya watu wote.

Mwenyezi Mungu atuwafikie. Amin.